Kitambaa cha Modemu

Ukitaka kujua habari za Kamembe, mji wetu wa Rwanda mpakani na Kongo, usisumbuke na redio. Nenda kwa Uwamwezi ukasukwe nywele.

Nyumba yake iko chini kidogo ya msikiti. Mbele kuna kibaraza. Hapo ndipo mumewe, Muhire, anashona viatu. Ndani kuna sebule, na mlangoni pa sebule linaning'inia pazia zito la kijani. Pazia hilo lina sheria moja: mwanamume halivuki. Hata Muhire, akitaka chai, hukohoa kwanza. Mkono wa mkewe hutoka na kikombe, kisha hurudi ndani.

Nyuma ya pazia, mitandio huvuliwa. Wanawake hukaa mkekani. Mmoja anasukwa. Wengine wanasubiri zamu. Wengine hawana shida ya nywele kabisa, wamefuata maneno tu. Nani amechumbiwa kule kisiwani Nkombo. Nani amerudi kutoka Bukavu na friji. Nani anasema amefunga, na jana mchana ameonekana na brosheti ya nyama mkononi.

Uwamwezi, au Maman Karim kama wengi wanavyomwita kwa jina la mwanawe, ndiye anayesuka maharusi wa mtaa. Siku chache kabla ya harusi, bibi harusi huja kujaribu mtindo. Akiupenda, Uwamwezi humwomba ruhusa, kisha humpiga picha kichwa wazi: mbele, nyuma, na ubavuni. Picha hukaa kwenye simu yake. Mteja mwingine akija, humwonyesha.

"Chagua, dada. Unataka kama huyu au kama yule?"

Simu hupita mkono kwa mkono, humo humo ndani. Haitoki nje.

"Simu yangu ni pazia la pili," Uwamwezi hupenda kusema. Na wanawake walimwamini.

Siku moja Muhire alirudi na kiboksi cheupe chenye taa ndogo za kijani.

"Hii ni modemu," alisema. "Inakamata mtandao, halafu inatupa waifai nyumba nzima. Maman Karim, sasa utaongea na dada yako Bujumbura mpaka uchoke."

Uwamwezi aliishika modemu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Wewe unajua kwetu. Televisheni ina kitambaa chake. Redio ina kitambaa chake. Hata viti vina vitambaa. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Basi alifungua kabati lake la vioo, lile lenye kioo kikubwa cha kujitazamia kwa nyuma. Humo mlikuwa na sinia za harusi na sufuria zinazong'aa ambazo hazijawahi kuona moto. Aliiweka modemu katikati yao. Juu yake akatandika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni. Akafunga mlango wa kabati.

"Ah! Imependeza," alisema.

Ilipendeza kweli. Lakini haikufanya kazi vizuri.

Mbele ya kabati, waifai ilikuwepo. Chumba cha nyuma, hakuna kitu. Kibarazani ndiyo mateso. Muhire aliangalia mpira kwenye simu yake. Mchezaji alikimbia, akapiga, na picha ikaganda. Muhire alijua matokeo kwa kusikia majirani wakipiga kelele.

Wanawake nao walibanana mbele ya kabati, migongo imeegemea vioo.

"Iyi modemu yako iko na buvivu sawa bwana yangu," alisema Maman Murhula. Yeye anauza sambaza, dagaa wa ziwani, na kila siku anavuka mpaka kwenda Bukavu na kurudi. "Unaiamusha, inageuka upande ingine, inalala."

Wanawake walicheka. Kesho yake, Maman Murhula alikuja na dawa.

"Maman Karim, nimekutumia kitu. Ni programu ya kuongeza waifai mara tatu! Gusa ile maandishi ya buluu, itaingia yenyewe kwa simu."

"Nani ameitengeneza?"

"Mi nitajua wapi? Nimeipata kwa groupe ya WhatsApp ya kanisa. Iko na picha ya roketi."

Roketi! Uwamwezi aligusa. Simu yake ilikuwa inazungumza Kifaransa, kama ilivyotoka dukani. Uwamwezi husoma Kiswahili, polepole lakini vizuri. Kifaransa hakisomi. Maandishi mekundu yalitokea, yakaondoka. Swali likaja. Akabonyeza kitufe cha buluu. Swali lingine likaja. Kitufe cha buluu. Alijua jambo moja tu: ukibonyeza cha buluu, maneno yanaisha.

Roketi ilizunguka kwenye kioo cha simu. Ikatoa moshi. Ikapaa.

"Imeongezeka!" walishangilia.

Kibarazani, mpira wa Muhire uliganda vilevile.

Baada ya hapo simu ilianza tabia mpya. Ilipata moto hata ikiwa haitumiki. Matangazo ya dawa za nguvu za kiume yalijitokeza yenyewe. Uwamwezi aliyafuta kwa haraka, akitazama huku na huku. Hakumwambia mtu.

Kisha ikaja Jumatatu mchana.

Siku hiyo alikuwa akimsuka Eugénie. Huyu ni jirani, mzaliwa wa Bukavu, mama wa Ciza. Kazi yake ni kufunga mitambo ya intaneti kwenye hoteli na shule. Anavaa suruali na kupanda ngazi, na wanawake humtania kwamba siku moja atapanda mpaka mbinguni awaulizie mvua. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imeshasukwa. Nusu nyingine ilikuwa imesimama kama msitu wa Nyungwe.

Pazia lilifunguliwa kwa nguvu. Aliingia Mukamazimpaka. Binti yake, Izabayo, alikuwa anafunga ndoa Ijumaa ile. Binti huyo alikuwa amekwisha kuja kujaribu mtindo, na picha zake zilikuwa kwenye simu.

Mukamazimpaka hakuvua mtandio. Hakukaa. Alimiminiwa chai, hakuigusa.

"Maman Karim, umenitumia nini?"

"Mimi? Sijakutumia kitu."

"Jina lako hili hapa. 'Pokea zawadi hii, gusa hapa.' Na karoketi. Wametumiwa watu wote unaowajua. Hata imamu ametumiwa!"

Uwamwezi aliachia nywele za Eugénie. "Wallahi, si mimi."

"Basi simu yako inasema bila wewe. Sawa. Sasa nijibu. Kama inatuma maneno bila wewe, picha za mwanangu je? Kichwa cha Izabayo kikianza kutembea kwenye simu za wanaume wa Kamembe, wiki ya ndoa yake, mimi nitauweka wapi uso wangu?"

Mukamazimpaka aligeuka, akaondoka. Chai yake ilibaki mezani. Mtu kuondoka nyumbani kwa Uwamwezi bila kunywa chai! Tangu pazia lile litundikwe, jambo hilo halijatokea.

Maman Murhula aliangalia mkeka kama mtu anayetafuta sindano.

Uwamwezi alienda kwenye kabati, akafungua mlango.

"Ni modemu hii! Tangu iingie hapa sina amani. Naitupa chooni, na simu naitupa chooni!"

"Bado kwanza!" Eugénie aliruka. "Usitupe kitu. Zima waifai ya simu. Zima na data. Ile roketi isipate barabara ya kutokea. Eh bon. Leta simu hapa, halafu endelea kunisuka."

"Nikusuke? Sasa hivi?"

"Mikono ikifanya kazi, roho inatulia. Na mi sitatembea Kamembe na kichwa namna iyi."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Uwamwezi akisuka, Eugénie kichwa kimeinama, simu magotini. Wanawake walisogea karibu. Hofu ilikuwepo, lakini kila mmoja alitaka kuona.

"Tazameni," alisema Eugénie. "Hapa programu ilimuuliza: naweza kuona majina ya watu wako? Akajibu ndiyo. Naweza kutuma ujumbe? Ndiyo. Naweza kuona picha zako zote? Ndiyo."

"Mimi sikusema ndiyo!" Uwamwezi alilia. "Nilibonyeza kitufe cha buluu."

"Iyo ya buluu njo ndiyo yenyewe, mama. Sasa nikuulize. Ukiita fundi atengeneze mlango, akuombe ufunguo wa sanduku la nguo zako za ndani, utampa?"

"Astaghfirullah! Kwa kazi gani?"

"Voilà! Swali ni ilo ilo. Kwa kazi gani? Kila programu ikikuomba kitu, uliza. Ya kupiga picha ikiomba kamera, sawa, ni kazi yake. Ya waifai ikiomba picha zako, kwa kazi gani? Ukikosa jibu, unakataa."

"Lakini ilitoka kwa groupe ya kanisa," alisema Maman Murhula kwa sauti ndogo.

"Mwenye kukutumia pia alidanganywa, Maman Murhula. Programu inachukuliwa kwenye duka la programu la simu, haifuatwi kwa kiungo cha kutumiwa. Na hata dukani, unaangalia nani ameitengeneza, na batu banasema nini juu yake."

"Yale maandishi mekundu ya kwanza yalikuwa nini?" aliuliza Uwamwezi.

"Simu ilikuwa inakuonya. Inasema: iyi kitu haijatoka dukani, inaweza kuwa mbaya."

"Na mimi nikaipita kama mbuzi wa jirani."

Kicheko kidogo kilipita mkekani. Kilisaidia.

Eugénie hakuifuta roketi mara moja. Kwanza alifungua mahali ambapo simu inaonyesha kila programu imetumia data kiasi gani. Alikunja uso. Akasogeza simu karibu na macho.

"Ajabu," alisema. "Imekula data kidogo sana. Haifiki hata picha moja ya simu hii. Picha ni nzito, inaacha alama ikipita. Maman Karim, simu yako inakaa wapi kila siku?"

"Chumba cha nyuma, kwenye chaji. Naileta hapa nikitaka kuonyesha mitindo."

"Na waifai inafika kule nyuma?"

"Kule? Hata haijui kama kule kupo."

"Na data ya laini?"

"Nilizima tangu tupate modemu."

"Lakini karoketi kalitufikia vipi, kama simu haikuwa na waifai?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Ule ulikuwa ujumbe wa kawaida, wa laini. Ule hauhitaji intaneti. Picha ndizo zilihitaji njia, na njia ilikuwepo dakika chache tu, simu ikiwa hapa." Eugénie alitaka kuinua kichwa, akakumbuka anasukwa. "Lakini, Maman Karim, hii ni dalili nzuri tu. Picha inaweza kupunguzwa, ikawa nyepesi. Siwezi kukuapia."

Kisha akaiondolea programu ruhusa zote, moja baada ya nyingine. Akaifuta. Akaifanya simu ijikague yenyewe, akaipa matengenezo mapya iliyokuwa inayasubiri. Akahakikisha hakuna simu nyingine iliyojiunga na WhatsApp ya Uwamwezi. Mwisho, aliigeuza lugha. Simu ikaanza kusema Kiswahili. Programu nyingine ikaomba ruhusa. Uwamwezi alitazama kile kitufe cha buluu, akasoma polepole: "Ru-hu-su." Chini yake: "Usi-ru-hu-su."

"Kumbe kilikuwepo na hiki cha chini!" alisema. "Siku zote hizi!"

Eugénie aliposimama, kichwa kimekamilika, alilitazama kabati. Akafunua kitambaa. Akaigusa modemu, akatoa mkono haraka.

"Ina moto kama chapati! Mlitaka kuipika?"

"Nimeifunika isipate vumbi."

"Iyi ina matundu ya kupumulia, na wewe umeyafunika. Angalieni. Ndani yake kuna laini, sawa na ya simu. Inasikia mawimbi kutoka kwenye antena, ile ya kilimani. Halafu inatoa mawimbi yake, mafupi, ya humu nyumbani. Hayo ndiyo waifai. Yanapita kwenye kitambaa. Kwenye mbao yanapita. Ukuta wa matofali yanapita yakiwa yamechoka. Lakini chuma yanagonga na kurudi. Na kioo hiki cha kujitazamia, nyuma kina rangi ya madini, kinayarudisha vilevile. Wewe umeizungushia sufuria na kioo. Hakuna roketi inaweza kuitoa humo. Inatakiwa mkono tu."

Uwamwezi aliigusa sufuria moja. Kisha akasema, "Subhanallah. Kwa hiyo sufuria zangu ndizo zimenistiri!"

Safari hii kicheko kilifika barabarani.

Wakaanza kutafuta mahali pa kuiweka. Kila mtu alikuwa na wazo lake. Maman Murhula aliibeba modemu kichwani kama beseni la sambaza, akiizungusha sebule nzima. Waya wa umeme ulikuwa mrefu, bahati nzuri. Uwamwezi alisimama karibu na pazia, akipaza sauti.

"Papa Karim! Mpira unaenda?"

"Unakwama!" Muhire alijibu kutoka kibarazani.

Wakasogea dirishani, upande wa antena.

"Na sasa?"

"Afadhali!"

Wakaipandisha juu, kwenye kibao kilichokuwa na maua ya plastiki, karibu na dirisha na mlango wa ukumbi wa kwenda nyuma. Haina kitu mbele, haina kitu juu. Mwanamke mmoja alikimbia chumba cha nyuma na simu yake. "Inafika! Inafika!" Hapohapo kibarazani ulisikika ukelele.

"Gooooli!"

Kwa mara ya kwanza, Muhire alikuwa wa kwanza mtaani kulijua goli.

"Jambo la mwisho," alisema Eugénie. "Kode ya waifai ni ipi?"

"Ile iliyoandikwa chini ya modemu. Papa Karim humpa kila mteja wa viatu."

"Ndiyo maana bamotari na pikipiki zao hawakosekani mbele ya nyumba?"

"Na mimi nilidhani wanapenda kazi yake!"

Walibadilisha neno la siri la waifai. Walibadilisha pia lile la pili, la kufungulia mipangilio ya modemu yenyewe, maana lilikuwa bado la kiwandani. Uwamwezi alichagua maneno marefu ambayo hakuna dereva wa pikipiki angeyakisia. Nami siyaandiki hapa.

Kila kitu sasa kilikuwa sawa. Au karibu kila kitu.

"Eugénie," Uwamwezi aliuliza, "kama picha hazikutoka, si basi? Ya nini kuwatia wenyewe hofu?"

Eugénie alifunga kitambaa chake kichwani. "Iyo si kazi ya fundi, Maman Karim. Mi najua mawimbi. Batu bako unabajua weye."

Uwamwezi aliangalia chai ya Mukamazimpaka. Ilikuwa imepoa, utando umetanda juu. Akachukua mtandio wake, akatoka.

Alimkuta Mukamazimpaka uani, anachambua mchele wa harusi na Izabayo. Hakukaribishwa kiti. Akasema amesimama. Alisema yote: kiungo, kitufe cha buluu, roketi, na kile Eugénie alichokiona. Hakuficha kile ambacho Eugénie hakuweza kukiapia.

"Nadhani picha hazikutoka. Lakini sina uhakika, na ninyi mna haki ya kujua. Nimekuja na simu. Izabayo, shika. Futa za kwako kwa mkono wako mwenyewe. Wengine nitawafuata nyumba kwa nyumba."

Izabayo alipokea simu. Alizifuta, moja moja. Akazifuta pia pale ambapo picha zilizofutwa husubiri kabla ya kuondoka kabisa, Uwamwezi akimwelekeza kama alivyofundishwa na Eugénie. Kisha akainua macho.

"Maman Karim, roketi ilipotufikia, ilikuwa imeandikwa 'gusa hapa.' Aliyegusa naye anaipata?"

"Ndiyo. Akigusa na kukubali."

Izabayo alimgeukia mama yake. Mukamazimpaka alikuwa anachambua mchele kwa bidii kubwa, ingawa ungo ulikuwa hauna jiwe hata moja.

"Mama?"

"Nini?"

"Uligusa?"

Mukamazimpaka aliupepeta ungo tena.

"Ilitoka kwa Uwamwezi!" Mukamazimpaka alilipuka. "Mtu anayesuka wanangu wote! Ningemkatalia vipi zawadi? Nilijiuliza tu baadaye, matangazo yale yalipoanza..."

"Ya dawa zile?" Uwamwezi aliuliza taratibu.

"Zile zile! Mbele ya shemeji yangu!"

Walitazamana. Izabayo ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa mtandio. Kisha mama yake. Uwamwezi alicheka mpaka akakaa chini bila kukaribishwa. Halafu wote watatu walisimama, wakaenda kwa Eugénie, simu ya Mukamazimpaka ikiwa imezimwa data na kushikwa kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza.

Uwamwezi alizunguka mtaa siku mbili. Mteja mmoja alimkasirikia, na hadi leo anasukwa kwingine. Wengine walimkaripia, wakamwekea chai. Na kila nyumba aliyoingia, aliuliza: "Nawe uligusa roketi?" Wengi waligusa. Eugénie alipata kazi.

Leo ukiingia kwa Uwamwezi, hutaona picha ya bibi harusi yeyote. Mitindo ameisuka kwa rasta, mafungu mafupi, akayapigilia kwenye ubao ukutani. Unashika, unageuza, unachagua. Wanawake wanasema ni bora kuliko picha, maana mkono unaona kile jicho halioni.

Ijumaa ile, baada ya sala ya alfajiri, Izabayo alikuja kusukwa. Mama yake alikuwa nyuma yake. Ndani ya mlango palikuwa na kikapu kipya cha kuwekea simu, kwa siku za maharusi. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni.

Mukamazimpaka alikitambua. "Hiki si cha modemu?"

"Modemu haikukihitaji," alisema Uwamwezi.

Mukamazimpaka aliweka simu yake kikapuni, ya kwanza. Akaifunika vizuri, akanyoosha pembe za kitambaa. Kisha akavua mtandio, akakaa mkekani.

"Leta chai," alisema. "Ya siku ile na ya leo."

Nje, Muhire alikohoa. Ndani hakuna aliyemjali. Wanawake wote walikuwa vichwa wazi, na juu kwenye kibao, modemu nayo kichwa wazi, taa zake za kijani zikiwaka.